Harmali ya Bibi Tuda

Dalali Bihi alikuwa akinunua mazulia yetu kwa bei ya kutupa, akayauza Ulaya kana kwamba kayafuma yeye. Ndipo alipokuja Ijja, binti wa mji wa Agadir, akatufundisha sisi wanawake wa Taznakht kuuza nje wenyewe: vipimo, vibali, namna ya kufunga mzigo. Kila zulia likashonewa kitambaa chenye jina la mfumaji. Bibi Tuda, asiyejua kusoma, alikipapasa chake.

"Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe, bibi."

"Basi hata nikifa leo, sawa."

"Ngoja kwanza tukuoze tena," nikamtania. Akanitupia donge la sufu.

Mzigo ukaondoka kwa vigelegele. Kisha kimya. Ijja aliporudi kutoka mjini alisimama mlangoni, viatu hakuvua.

"Bandarini kule Ulaya wamekuta mbegu ndani ya mazulia," akasema. "Mbegu haziingii kwao bila kibali. Wameuchoma mzigo wote. Na mnunuzi amejitoa."

"Mbegu gani tena?" nikafoka. "Si tuliyakung'uta wenyewe?"

"Harmali," akasema Bibi Tuda, taratibu. "Nilitia konzi katika kila zulia. Yanakwenda kwa watu tusiowajua, na jicho baya halina mpaka. Ningeyaachaje bila kinga?"

Jamani! Umlaumu vipi? Bibi harusi gani kwetu hutoka nyumbani bila harmali? Ijja alitukataza udongo, wadudu, hata makombo ya mkate. Harmali hakuitaja, kwa kuwa hata yeye hakuwahi kuifikiria kuwa ni mbegu. Kwetu ni kinga tu.

"Na langu limechomwa?"

"Yote, bibi."

Ijja akaangua kilio. Nami nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Siku ya soko Bihi akaja, meno yote nje. "Karibuni nyumbani, mabibi! Ulaya hawajambo?" Tukamtandikia mazulia yetu, shingo upande.

Bibi Tuda hakutoka. Nikamkuta mbele ya zulia alilolifikisha nusu, kisu mkononi. Kwetu zulia likimalizika hunyunyiziwa maji na kusomewa dua kabla ya kukatwa kwenye kitanda cha mfumi, kama mtu anayekata roho. Yeye akalikata hivyo hivyo, kavu.

"Bibi, halijaisha!"

"Limekwisha, mwanangu."

Akaenda kuwamwagia kuku mtama. Mpaka leo hajashika uzi.