Hosiana na Mmea wa Dirishani

Tangu kiharusi kilipomlegeza mkono wa kulia, Hosiana hakuachiwa kazi yoyote. Mumewe, Melkior, alimfunga vifungo vya gauni, alimmenyea viazi, hata kilemba alimfunga yeye. Alifanya yote kwa upole, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkasirikia.

Hosiana alipokuwa amelazwa hospitali, mmea wake wa sebuleni, ule wa majani manene yanayotunza maji, ulirefuka ovyo ukifuata mwanga wa dirisha. Chini shina lilibaki tupu, juu kukawa na kichwa kizito kilicholalia pazia. Melkior akaufunga kwa kamba kwenye nondo ya dirisha. Ulipozidi kuinama, akaongeza kamba nyingine.

"Baba Frida, huo haufungwi," Hosiana alimwambia. "Unakatwa juu. Kichwa kinapandwa upya, na shina linachipua."

"Ukikatwa utakufa. Uache, nitatafuta mti wa kuuegemeza."

Jumamosi Melkior aliwasha pikipiki akaenda shambani Bonga kuangalia maharage. Mlio ulipopotea, Hosiana alivuta kiti mpaka dirishani.

Mkasi wake wa ushonaji ulikuwa wa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto uliponda jani bila kulikata. Akachukua kisu cha jikoni. Alianza na kamba, na ilipokatika tu, chungu kikapinduka, udongo ukamwagika sakafuni.

Alikaa akiutazama. Angeweza kuuacha. Melkior angerudi, angefagia bila kusema neno. Kufikiria hivyo ndiko kulikomwinua.

Alipiga magoti taratibu huku ameshika kiti, akakisimamisha chungu, akakibana kwa mapaja. Mkono wa kulia aliulaza juu ya shina. Haukuwa na nguvu, lakini ulikuwa na uzito, na shina likatulia. Akakata kwa kushoto. Kisu kiliteleza kikakwaruza ukingo wa chungu. Akarudia palepale, polepole, mpaka maji ya shina yakamlowesha vidole na kichwa kikaanguka mapajani mwake.

Akakilaza kwenye gazeti kikauke, kisha akaanza kuzoa udongo kwa kikombe.

Melkior alimkuta bado yuko chini.

"Umeanguka, Mama Frida?"

"Sijaanguka. Nafanya kazi."

"Si ungenisubiri?"

"Nimekusubiri tangu nitoke hospitali. Nikikusubiri kwa kila kitu, huu mkono utajifunza lini?"

Melkior aliinama amchukulie kikombe. Hosiana hakukiachia.

"Niletee ufagio," alisema, "halafu ukae."

Akauleta. Akakaa, mikono magotini, akimtazama mkewe akifagia kipande kilekile mara kwa mara mpaka kikawa safi. Mara mbili alitaka kuinuka, na mara zote mbili alijizuia.

Kile kichwa kilipokuwa kimekauka pale kilipokatwa, Hosiana alikipanda kwenye kopo la rangi. Kilikaa upande. Melkior alinyoosha mkono akiweke sawa, kisha akauingiza mfukoni.

Mvua zilipoanza, shina la zamani likatoa machipukizi karibu na jeraha lake. Melkior ndiye aliyeyaona kwanza. Alimwita mkewe, akasimama dirishani kumsubiri, naye Hosiana akatoka jikoni akitembea mwenyewe, akijifuta unga mikononi.