Ndizi Saba

Mke wangu alinishtaki kwa mama yake kwamba hajala. Nilikuwa nimesimama jikoni, sahani mkononi, nikamsikia chumbani akisema kwenye simu, kwa Kihaya chetu: "Mama, leo ni siku ya kumi na moja sijala." Sahani niliyoshika ilikuwa na pilau na paja la kuku, na aliyevibakiza ni yeye mwenyewe.

Kwa asiyetujua watu wa Bukoba, nieleze kidogo. Kwetu chakula ni ndizi. Wali unaweza kuula, ugali unaweza kuula, hata ukafungua mkanda kwa shibe, lakini kama hukugusa ndizi, ukiulizwa utajibu hujala, na hakuna atakayekuita mwongo. Kwa hiyo Anastazia hakunisingizia. Na mama mkwe alimwelewa vizuri mno, maana jioni ileile alinipigia.

"Kasmir, mwanangu," akasema kwa upole ule unaotisha, "kama huko hakuna chakula, nirudishie mtoto wangu."

Nilicheka, lakini sikuwa na raha. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa, na katika miaka hiyo tulikuwa tumekaa pamoja miezi mitatu tu. Niliondoka Bukoba miezi mitatu baada ya harusi kuja huku Guangzhou, Uchina, kununua nguo za jumla kwenye soko la Shahe na kuzisafirisha kwa wateja wa Mwanza na Kahama. Nilikusudia kukaa mwaka mmoja. Halafu mipaka ikafungwa kwa korona, kisha ikafunguliwa, kisha mimi mwenyewe nikazoea kuwa mume wa kwenye simu. Anastazia alipofika Guangzhou alinieleza wazi, hata kabla ya kufungua begi. Viza yake ilikuwa ya siku thelathini. Mahali pakikalika, tutaiongeza. Pasipokalika, anarudi kwao, na hatakuja tena, na mimi nijue la kufanya na maisha yangu.

Basi siku ya kumi na mbili nikaanza kutafuta ndizi.

Sisi Wahaya tunasemwa kwa majigambo, na siwezi kukataa. Nilimwambia mke wangu kwamba Guangzhou naijua kama mfuko wa suruali yangu, na kabla ya jua kuzama atakuwa amekula. Nikampeleka mtaa wa Dengfeng, kwenye mgahawa wa Wakongo ghorofa ya pili, juu ya maduka ya simu. Mhudumu akatuletea ndizi zilizokatwa mshazari na kukaangwa kwenye mafuta mengi.

"Hii ni makemba, Maman. Kula, ni bon sana!"

Anastazia akala vipande viwili kwa heshima. Tulipotoka nje akasema hicho ni kitafunwa, watoto hupewa wakisubiri chakula.

Kesho yake Rotich, Mkenya mmoja tunayekutana naye Shahe kila siku, akanishika bega. "Buda, kuna joint naijua, wanapika matoke. Mpeleke bibi yako huko, atasahau kwao." Tulienda. Picha ya matoke ilikuwa ukutani, kubwa, na mvuke ukitoka. Nikainyooshea kidole. Binti wa pale akatikisa kichwa: "Meiyou." Neno hilo huku unalisikia mpaka usingizini, maana yake hakuna. Walikuwa na chapati. Nikagomba kidogo, nikasema kama hakuna basi waondoe picha, wakatuletea chapati. Anastazia akala yake akiitazama ile picha.

La tatu ni aibu yangu mwenyewe. Tuliingia mgahawa wa Wachina wa hapahapa, orodha yao yote picha, nikaona bakuli la vipande vya manjano kwenye mchuzi mzito. Nikamwambia, hizi ndizi, mke wangu, macho yangu hayakosei. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Mwisho akatoa kipande mdomoni, akakivuta nyuzi moja moja, akanionyesha. Yalikuwa machipukizi ya mianzi.

"Kasmir," akasema, "umenilisha uzio."

Nilidhani atacheka. Hakucheka, alikuwa anahesabu siku.

Usiseme sikumwelewa. Nilijua anachokitaka, kwa sababu na mimi nilikuwa nacho kichwani: kibanja cha migomba nyuma ya nyumba ya mama yangu, majani makavu yakikwaruzana, mama amekaa chini akimenya, viganja vyake vyeusi kwa utomvu. Sufuria ikafunikwa kwa majani, moshi ukajaa jikoni, na sisi watoto tukafukuzwa mara tatu kabla ndizi hazijaiva. Nilikuwa sijayawaza hayo kwa muda mrefu. Yalinirudia kwa sababu alikuwepo mtu wa kuyajua pamoja nami.

Jumapili ya tatu tangu afike tukaenda misa ya Kiingereza kwenye kanisa kuu la mawe. Misa ile ni ya Wafilipino zaidi kuliko sisi wengine, na ikiisha hawaondoki haraka. Hukaa uani, wakafungua vyombo walivyopika nyumbani, kila mtu akaonja cha mwenzake. Mmoja wao, Marivic, tulimfahamu kwa sababu anaishi ghorofa ya juu yetu. Anafundisha watoto Kiingereza, na hucheka kabla hujamaliza kusema. Akampa Anastazia kitu kirefu cha kahawia, kimekunjwa kama sambusa iliyonyooshwa, kinang'aa kwa sukari iliyoungua.

"Turon," akasema. "Nimepika mwenyewe asubuhi."

Anastazia akauma. Nikasikia kile kikunjo kikivunjika. Akauma tena, akasimama, akakifungua kwa vidole kuchungulia ndani. Mlikuwa na kipande kinene cha ndizi, na kando yake uzi wa fenesi. Akakinusa. Akakibonyeza.

"Hii si ndizi ya kula mbivu," akaniambia. "Hii ni ya kupika. Muulize ni ndizi gani."

Nikamuuliza. Marivic akajibu: "Saba."

Anastazia akainua vidole saba. "Saba?"

"Yes, yes! Saba!" Marivic akafurahi, akampongeza kwa kulijua neno.

Mimi nikamtafsiria mke wangu kwa kujiamini kabisa: anasema alitumia ndizi saba, na amejifunza kuhesabu Kiswahili, tena anatamka vizuri. Anastazia akala turon nne. Tangu afike, hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokimaliza bila kuombwa.

Jumatatu nikanunua ndizi saba kwenye duka la matunda chini ya nyumba. Nilichagua zilizo kijani zaidi. Anastazia akazimenya akiwa na shaka, akaziweka na maharage, na baada ya nusu saa tukawa na uji mtamu wenye maharage ndani. Tukautazama. Akazima jiko, akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nilipanda ngazi kwa hasira. Nikamgongea Marivic, nikamwambia ndizi zako saba zimeniharibia nyumba. Akaniomba nirudie. Nikarudia, nikahesabu kwa vidole, kwa Kiingereza na Kiswahili. Ndipo akakaa chini mlangoni, akacheka mpaka akajifuta machozi. Saba, kumbe, ni jina. Kwao ndiyo ndizi ya kupika, nene, fupi, yenye pembe. Miaka mingi niliyokaa na watu wa kila taifa, na sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kusema saba na asiwe anahesabu.

Akatuchukua sote wawili mchana uleule. Anastazia alikuja kwa kuwa Marivic alimshika mkono na hakumwachia. Tukaenda hadi mtaa wa Kangle, tukapita vichochoro vya mafundi cherehani na mabunda ya vitambaa, tukatokea kwenye kisoko cha akina mama wanaouza mboga chini. Pale alikuwepo mmoja na mikungu minne. "Hii si saba yenyewe," Marivic akasema. "Ni binamu yake. Lakini mimi huwa natumia hii."

Anastazia akachuchumaa. Akaikwaruza moja kwa ukucha, utomvu ukatoka mweupe, akaupaka kwenye kidole gumba na kuunusa. Kisha akaanza kuongea na yule mama Mchina kwa Kihaya, na yule mama akamjibu kwa Kichina, na sijui walielewana nini, ila tuliondoka na mkungu mzima begani kwangu.

Jioni alipika. Alijipaka mafuta viganjani kabla ya kumenya, kama afanyavyo mama yake, na utomvu ukamshika hivyohivyo. Tukakaa sakafuni, sufuria katikati, kwa sababu meza yangu ilikuwa imejaa nguo za wateja. Nikala sahani ya kwanza bila kuinua kichwa. Nikapakua ya pili. Nilipofika ya tatu niliona yeye ameacha kula, ananitazama.

"Kasmir," akasema, "miaka yote hii ulikuwa unakula nini?"

Nikaanza kumtajia, na majigambo yangu hayakuwa mbali. Nikamwambia tambi za asubuhi pale Shahe, wali wa boksi, bata wa kuchoma siku za sikukuu.

"Na ulikuwa unakula na nani?"

Nikamtafuta mtu wa kumtaja. Wali wa boksi nilikuwa naula nimesimama, mgongo umeegemea mabunda. Tambi nilizila nikitembea. Bata nilimla juu ya kitanda changu, simu imeegemezwa kwenye kikombe, na mara nyingi mtandao ulikuwa umekatika. Nikalia. Sioni haya kulisema. Nililia na ndizi mdomoni, mwanaume mzima, na sikuweza kumeza wala kutema.

Anastazia hakunibembeleza. Alinipakulia tena, akaisogeza sahani karibu na goti langu. Kisha akajifuta vidole na kuchukua simu.

"Mama," akasema, "mwezi huu msinisubiri. Kuna mtu huku namlisha."