Mistari ya Chaki Jikoni kwa Jorien

Saa kumi na mbili asubuhi, mwishoni mwa Septemba, giza bado limejaa nyumbani, chaki ilikwaruza ukuta wa jikoni. Krr. Kimya kidogo, kisha krr mbili za harakaharaka. Jorien, kitandani ubavuni mwa binti yake Fien, alijua kwamba watu watatu wameshabonyeza tangazo kwenye tovuti yake kabla hawajanywa kahawa. Alipowasha taa ya jikoni mistari ilikuwa kumi na minne, imesimama wima juu ya sinki, na mwingine ukajichora mbele ya macho yake. Mama yake, bibi Rozanne, aliingia nyuma yake akapangusa vumbi jeupe kwenye siagi. Alisema ukuta ungeweza basi kuanzia upande wa mlangoni, hapa watu wanakula.

Tovuti ilikuwa ya vinki, wale ndege wadogo wa kifua cha rangi ya kutu ambao wazee wa vijiji vya karibu na mji wa Tielt huwapanga barabarani Jumapili asubuhi, kila ndege ndani ya kisanduku chake cha mbao, waimbe saa nzima. Wimbo ukiishia kwa mlio wa suskewiet, huchorewa mstari mmoja wa chaki kwenye kijiti kirefu. Ukiishia vinginevyo, hauhesabiwi. Marehemu baba yake Jorien alifuga vinki, na Jorien alipomaliza kozi ya jioni ya kompyuta, mimba ya Fien ikiwa imefika miezi saba, aliwatengenezea wenzake baba mahali pa kubishana juu ya mbegu na manyoya. Walikuwa kama mia tatu. Walibishana vizuri sana.

Matangazo aliyaweka Septemba, kwa sababu moja. Kila siku saa nane mchana aliingia zamu kwenye kiwanda cha mboga za kugandishwa, na mpaka anatoka saa nne usiku Fien alikuwa ameshalazwa na bibi. Juma moja mtoto alimwita bibi mama, na hakuna aliyemsahihisha. Sasa shuleni kwa Fien kulikuwa na nafasi ya kugawa supu mchana. Mshahara wake haukufikia wa kiwandani, na mwalimu mkuu alitaka jibu kabla ya Novemba kwisha. Matangazo yakiziba pengo, Jorien angekuwa nyumbani kila jioni. Yasipoziba, angebaki kwenye kabichi zake.

Kampuni ya matangazo, iliyokuwa mji mwingine katika jengo la vioo, ilianza na chakula cha paka. Wafuga vinki walichukia. Kila mmoja alibonyeza tangazo apate mahali pa kumtukana mwenye paka, na kesho yake akabonyeza tena kuona kama amejibiwa. Kila walipobonyeza, mstari ulijichora jikoni. Kufikia mwisho wa Oktoba ukuta wa sinki ulikuwa umejaa. Chaki ikahamia kwenye korido, na bibi Rozanne akashusha picha yake ya harusi kuipisha.

Jikoni na koridoni palikuwa na mistari elfu nne na mia sita. Taarifa ya kampuni, iliyolipa kwa kila bonyezo, ilisema mia nne. Jorien aliwaandikia kwa heshima, akajibiwa siku hiyohiyo kwamba hesabu ya kampuni ni sahihi, kwa kuwa kampuni imeihesabu yenyewe.

Jibu hilo alimpelekea mzee Achiel, mwenyekiti wa chama. Mzee alilisoma mara mbili, akavua miwani. Kwa watu wa vinki kuna jambo ambalo mtu hafanyi hata akilewa: hahesabu nyimbo za ndege wake mwenyewe. Anakaa mbele ya kisanduku cha jirani, na jirani anakaa mbele ya chake, hata kama hawajasalimiana tangu utoto.

"Wanahesabu ndege wao wenyewe?" aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika, mjomba."

"Na hawakuona haya kuandika."

Jumamosi wazee kumi na mmoja waliingia kwa Jorien na vigoda vyao na vijiti walivyovishusha darini, maana msimu ulikuwa umekwisha tangu Agosti na walikuwa wamechoka kukaa na wake zao. Kila mmoja alipewa kipande chake cha ukuta. Mmoja wao, Maurits, alitaka kile cha karibu na jiko. Achiel akamwambia macho yake siku hizi yanaona mistari miwili penye mmoja.

"Basi nitasawazisha makosa ya kampuni," Maurits alisema, "wao wanaona mmoja penye kumi."

Achiel alipandisha bendera nyekundu ya kuanzia mashindano, wakaanza. Kahawa ilipoa. Walinakili mistari ya zamani, na mipya ilipojichora wakainakili nayo, kisha wakabadilishana vijiti na kutiliana saini kwa penseli nyekundu. Jorien alivifunga kwa kamba ya kuanikia nguo, akaandika anwani ya kampuni. Mama wa posta alivifungia kwenye baiskeli, akasema tu kwamba mwaka jana alibeba mlango.

Barua ya kampuni ilifika Ijumaa. Ilieleza kwamba vijiti vilianza kuimba mara tu vilipofunguliwa, suskewiet moja kwa kila mstari, kwa zamu, na kwamba kwa siku mbili ghorofa ya tatu haikuweza kusikia simu. Mstari uliolipwa ulinyamaza. Ambao haukulipwa ulirudia. Kwa hiyo imelipwa yote, na hela zimeshaingia benki. Kampuni iliomba ieleweke kwamba hayo ni kwa tovuti hii peke yake. Nyingine zote zitaendelea kuhesabiwa na kampuni yenyewe, kama kawaida.

Jorien alimpigia mwalimu mkuu akiwa bado ameshika bahasha. Jumatatu alirudisha viatu vya mpira kiwandani, akapita katikati ya mashine akiwapungia mkono wenzake, nao wakagonga ndoo kwa vijiko vyao vikubwa mpaka msimamizi akatoka ofisini, akasikiliza, akagonga na yeye.

Alasiri hiyo wazee walikuja na bia na keki ya tufaha. Achiel alitangaza kwamba vijiti vitapelekwa kila mwezi, na Maurits akajitolea kuvipeleka mwenyewe, kwa jinsi alivyotamani kuiona sura ya mhasibu wa kampuni. Walicheka hadi bibi Rozanne akacheka. Katikati ya kelele ujumbe uliingia kutoka kwa mwanamke wa mkoa wa Limburg, mwenye tovuti ya wafuga sungura. Alikuwa amelipwa kidogo kama siku zote, na kuta zake, aliandika, ni safi kabisa, hakuna cha kunakili. Jorien alimjibu kwamba anasikitika, na alisikitika kweli, kisha akaweka simu kifudifudi na kukata keki.

Saa nane, saa ya zamu, ilikuwa imepita kitambo. Fien alipanda juu ya kigoda kilichokuwa wazi, akawatazama wazee wote mmoja mmoja, akangoja wanyamaze.

"Leo mama haendi kazini," alisema.