Usifungie Ndagala Karatasi Yenye Majina ya Watu

Nawaandikia nyinyi mama wa sokoni, mulio na watoto wanaosoma mbali. Mimi nilifika darasa la sita tu, kwa hiyo musitafute maneno makubwa hapa. Nataka mujue namna karatasi ya shule ilivyotaka kuninyang'anya mtoto, isije ikakunyang'anya na wewe wa kwako.

Hadjara wangu alikuwa anasoma mambo ya kompyuta Bujumbura. Vita viliposogea karibu na mji, shule yao ikafungwa, wanafunzi wakaambiwa warudi makwao mpaka watakapoitwa kwenye mtihani. Akarudi hapa Rumonge na begi la nguo na kitabu kizito cha kuazima. Kompyuta hakuna, umeme ni wa kubahatisha. Mimi nikajua nimepata mtu wa kunisaidia kuanika ndagala, hizi dagaa zetu za ziwani.

Somo lililomwangusha lilikuwa la kuchora, na si kuchora maua. Alinieleza kwamba watu hawaanzi tu kuandika programu ya kompyuta. Wanaichora kwanza, kama fundi anavyochora nyumba kabla ya kuchimba msingi, na dunia nzima imekubaliana alama za kuchorea. Zinaitwa UML. Yeye kwenye mtihani wa kwanza alichora kwa alama za kichwani mwake, mishale ya rangi rangi, akapata ziro. Mwalimu akamwandikia pembeni kwamba mchoro unaoeleweka na aliyeuchora peke yake haumfai mtu. Neno lile lilimuuma. Kila siku akawa anakaa kwenye mkeka barazani, rula yake ni ubavu wa katoni ya sabuni, anachora masanduku na mistari, anaharibu, anaanza upya. Nilipomwambia apumzishe macho alisema hizi alama atazijua kama anavyojua Alhamdu.

Nikamuuliza masanduku haya ni ya nini. Akanikumbusha kalibu ya shemeji yangu Hamidu, anayepika sabuni ya mawese. Kalibu ni moja, sabuni zinazotoka ni nyingi, kila moja na uzito wake na rangi yake. Lakini kalibu si sabuni, huwezi kuiogea. Sasa sanduku la kalibu, alisema, wanaliita klasi. Sanduku la sabuni yenyewe, hii uliyoishika mkononi, wanaliita kitu, na jina la kitu linapigwa mstari chini ili mtu asichanganye na kalibu. Nikaelewa, na kusema kweli nilifurahi kuelewa.

Kwa mazoezi akachagua jambo analolijua: kikundi cha wavuvi cha jirani yetu Casimir. Casimir ni mtu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Alikimbia vita vya kwao na mke wake Mwavita, na hapa akawa kiongozi wa wavuvi wanaofunga mitumbwi pamoja na kuvua ndagala kwa taa. Kwenye karatasi za kalibu Hadjara aliandika Mvuvi, Mtumbwi, Taa, Kikundi. Kwenye karatasi za vitu aliandika watu wenyewe. Casimir. Nasoro. Lukeba. Kila jina ndani ya sanduku lake, limepigwa mstari chini, na mistari mingine inatoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Karatasi zilizoharibika alizitia kwenye kikapu changu cha kufungia. Ndivyo nyumba zote za huku zinavyofanya: daftari la mtoto likiisha linakwenda sokoni, linafunga ndagala, karanga, maandazi. Hakuna anayesoma. Nachukua ya juu, nakunja pembe, namimina, namkabidhi mtu.

Lakini kumbukeni hali ilivyokuwa. Kuvua kulifungwa, kukafunguliwa, kukafungwa tena. Wale waasi wa milimani walisema wavuvi wanawapelekea askari habari, askari nao wakasema wavuvi wanavusha watu. Wiki moja na michoro ile ya Hadjara, wanaume walichukuliwa mwaloni Magara, hakuna aliyejua wamechukuliwa na nani, na mdomoni mwa kila mtu palikuwa na neno moja: kuna mtu anauza majina. Na kwetu mtu mzima haitwi jina lake. Casimir ni Papa Aksanti, kwa mtoto wake wa kwanza. Jina lenyewe utaliona kwenye karatasi ya kuitwa komini, ofisi ya serikali, au kwenye karatasi mbaya kuliko hiyo.

Mwavita alinunua ndagala kwangu, na asubuhi yake akarudi. Huyu ni mwanamke ambaye amahoro yake, salamu ya huku, unaisikia kabla hujamuona. Siku hiyo hakusalimu. Alikunjua karatasi juu ya meza yangu, inanuka samaki, akailaza kwa viganja.

"Mama Hadjara, hii ni mukono wa nani?"

Nikasema ni mkono wa mtoto, ni masomo yake.

"Masomo? Bwana yangu iko somo?"

Akaweka kidole kwenye alama nyeusi iliyounganisha jina la mume wake na sanduku la kikundi, akaniuliza huu msumari maana yake nini. Nikasema sijui, hiyo alama Hadjara hakuwa amenieleza. Mwavita akaikunja ile karatasi, akaitia kifuani, akaenda.

Kabla ya adhuhuri mbele ya meza yangu palikuwa peupe. Watu wanauliza bei kulia kwangu, wanauliza kushoto kwangu. Yule jirani yangu muuza mafuta ya mawese, ambaye tulikula sahani moja miaka yote, akahamisha kigoda chake kidogo, halafu akakihamisha tena. Nikafunika ndagala zangu nikarudi nyumbani.

Hamidu alikuwa amekwisha fika. Alisema kuna boti ya mtu anayemwamini, mtoto apande leo, aende Kigoma kwa ndugu zetu, watu wakipoa atarudi. Nilikubali kabla hajamaliza. Nilianza kukunja nguo za Hadjara, kila kanga niliikunja ikafunguka. Tukiwa hapo Nasoro akasimama mlangoni, bila kuvua viatu, akasema kikundi kitakuja baada ya alasiri na binti asitoke.

Hadjara akanyanyua begi, akamwaga nguo zote kitandani.

"Mama, nikikimbia leo, basi ni kweli nimewauza. Na mutihani yangu haiko Kigoma."

Nilimwambia mtihani si roho. Nilimwambia nimezika baba yake na sina nguvu ya kuzika tena. Hakubishana. Alikwenda jikoni akachagua mkaa, akafagia ukuta wa uani ulio mweupe, akanawa, akaswali. Hamidu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto huyu amepata ukaidi wangu. Ningependa kumwambia si kweli.

Walikuja wengi kuliko kikundi. Casimir akakaa kwenye mkeka, wengine wakasimama, Mwavita akabaki mlangoni. Ile karatasi ikawekwa katikati. Nasoro, ambaye hata msibani hawezi kunyamaza, akaiinamia akasema kwamba sanduku lake ni dogo kuliko la Lukeba, hata kwenye kufa wanampunja. Hakuna aliyecheka ila yeye, na yeye mwenyewe kidogo.

Hadjara hakulia wala hakuapa. Aliomba ruhusa kwa Papa Aksanti, akaanza na kalibu ya sabuni, kama alivyonieleza mimi. Akachora ukutani kwa mkaa. Hii ni kalibu, hizi ni sabuni zake. Hii ni klasi, hivi ni vitu. Alisema alama hizi hazikubuniwa na yeye wala na askari, ziko kitabuni, akakipitisha kitabu mkono kwa mkono. Watu wakafungua kurasa. Masanduku yalikuwepo, mistari ilikuwepo, na kila mtu akaona kwamba majina ya hapa kwetu hayamo.

Casimir akasubiri kitabu kirudi, ndipo akauliza ile alama nyeusi.

"Hiyo ni karo," akadakia Nasoro, "ya karata."

Ni kweli ina umbo la karo, kisanduku kilichosimama kwa pembe. Hadjara akasema ziko mbili. Karo nyeupe maana yake ni kundi tu: kundi likivunjika, waliokuwemo wanabaki. Karo nyeusi maana yake ni kiungo cha mwili: kikubwa kikifa, kidogo kimekufa pamoja nacho.

Aliutazama mchoro wake, na mimi nikaona amekwisha ona walichokiona wote. Alikuwa amemfunga Casimir kwenye kikundi kwa karo nyeusi. Niliomba moyoni mtoto wangu aseme uongo, uongo wowote, uko mwingi duniani.

"Papa Aksanti, hapa nilikosea," akasema. "Ndiyo maana niliitupa hii karatasi. Kikundi kikivunjika, wewe unabaki. Ilitakiwa nyeupe."

Akageuka ukutani, akachora karo nyeupe, akaiacha wazi katikati.

Casimir hakuangalia ukuta. Alimuuliza kwa nini basi jina lake, kwa nini hakuandika Juma wala Petero. Hadjara akajibu kwamba huwezi kujifunza kitu kwa kitu ambacho hakipo, na kwamba aliandika watu anaowaamkia kila siku. Casimir akasema polepole, kama mtu anayeteremsha mzigo.

"Kwetu, siku ya Mungu, siku ya kusali, mutu alisimama mbele yetu na karatasi, akasoma majina. Baba yangu aliitika mbio. Alizani wanagawa chumvi."

Mwavita mlangoni akajifunika uso kwa kitenge.

Hadjara akaingia ndani akatoka na wembe. Niliruka, lakini yeye alipiga magoti mbele ya ile karatasi, akaanza kukata. Alikata sanduku la Casimir, pembe nne, akampa kwa mikono miwili. Akakata la Lukeba, akampa. Akakata la Nasoro. Akaleta na karatasi nyingine zote za kikapuni, tukazipekua moja moja mbele ya watu, na kila palipokuwa na jina akalitoa akampa mwenyewe. Mkekani ikabaki mistari tu, inatoka kwenye tundu kwenda kwenye tundu.

Casimir alikwenda kwenye mbabula yangu akaweka lake juu ya makaa, akalingoja mpaka likaisha. Lukeba akafanya vile vile. Nasoro akaweka lake mfukoni, akasema anakwenda kumuonyesha mke wake kwamba na yeye amesoma. Safari hii walicheka.

Ndipo Casimir akasogelea ukuta. Pale sasa palikuwa na kalibu tu: Kikundi, karo nyeupe, na Mvuvi. Akagusa lile sanduku la mwisho.

"Na huyu, ni nani?"

"Yeyote, Papa. Hata ambaye hajazaliwa."

Akafikiri. "Huyu umupeleke Bujumbura. Huyu hakuna mutu anaweza kumukamata."

Barabara ilipofunguliwa Hadjara alipanda basi dogo na mchoro huo kwenye kitabu. Kwenye kizuizi kimoja mbele ya Muhuta askari aliufungua, akaugeuza juu chini, akauliza Mvuvi ni nani na anakaa wapi. Akapewa jibu lile lile alilopewa Casimir, akaurudisha. Mtihani alifaulu.

Basi sikilizeni. Sisemi mumukataze mtoto kusoma. Mimi nilitaka kumkataza, na kama angenisikia angekuwa Kigoma leo na jina la msaliti likimngoja hapa. Nasema hivi: kaa naye, muulize kila alama, hata ile ndogo nyeusi, mpaka na wewe uweze kumjibu jirani. Mwambie ajifunze kwa kalibu, na akihitaji watu awabuni. Na kabla hujakunja karatasi ya kufungia, isome mbele na nyuma. Kama hujui kusoma, mpe anayejua. Ikiwa na jina la mtu aliye hai, ichome.

Mwavita bado ananunua ndagala kwangu, na amahoro yake imerudi. Ila siku hizi anakuja na sahani yake.