Kiitikio Kilichogeuka

Katika kijiji kile cha bondeni, mwendo wa pikipiki kutoka Igowole, hakukuwa na mwanamke aliyejulikana kwa sauti kama Severina. Misibani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Kanisani, mchungaji akimwona amekaa nyuma alimpungia mkono asogee mbele. Na tangu kianzishwe kikundi cha wanawake cha Amkeni, nyimbo zake zote zilitoka kichwani mwa Severina, akizitunga huku anapalilia viazi.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Anjela, rafiki yake. Wawili hao waliolewa kijijini hapo mwaka mmoja, wote wageni, wote hawamjui mtu, wakazoeana kisimani. Mmoja akijifungua, mwenzake alimpikia uji wa ulezi na kumwogeshea mtoto. Anjela alikuwa na maneno, Severina alikuwa na sauti. Watu walitania kwamba ukiwachanganya wale wawili unapata mbunge mmoja mzima.

Kilichoipa Amkeni jina ni wodi ya wazazi. Zahanati ya kijiji haikuwa na chumba cha kujifungulia. Mama akishikwa uchungu alipakiwa kwenye pikipiki kupelekwa mbali, na wakati wa masika barabara ile ya udongo mwekundu huteleza kama imepakwa sabuni. Wanawake wakasema basi. Wakafyatua tofali, wakazichoma, wakasomba mawe ya msingi kutoka mtoni kwa vichwa vyao. Waume walikuja baadaye, kwa aibu, na miiko yao ya kujengea. Kuta zikapanda mpaka usawa wa lenta, juu ya milango na madirisha. Walikuwa wameahidiwa na halmashauri kwamba wao wakifika hapo, kuezeka si kazi yao tena. Basi wakafika hapo, wakangoja. Masika yakaja, yakapita, yakaja tena; kuta zikaota ukungu wa kijani, na mbuzi wakapata mahali pa kujikinga na upepo.

Ni katika masika hayo ya pili ndipo Eveline, mke wa Fanueli mwana wa Severina, alipojifungulia njiani. Pikipiki ilinasa kwenye tope karibu na msitu wa mipaina, na mvua ilikuwa haitaki kukoma. Severina alitandika kitenge chake majanini. Mtoto alizaliwa, wa kiume, akapumua kidogo, kisha akanyamaza. Severina ndiye aliyemviringisha katika kitenge kile kile na kumbeba kurudi naye nyumbani, huku Eveline akitembea nyuma yake ameshikwa mabega na mwenye pikipiki.

Baada ya msiba ule wimbo ulimjia Severina wenyewe, mzima, kama uliokuwa unamngoja. Alimwimbia Anjela kwanza, jikoni kwake. Yeye angetaja jambo, na kikundi kingejibu.

*Kuta tumejenga, mvua yanyesha ndani —*
*Tupeni paa!*
*Mama kashikwa uchungu, kalala majanini —*
*Tupeni paa!*

Anjela alilia mpaka akajifuta kwa upande wa khanga. "Huu tutauimba Siku ya Wanawake," akasema. "Mgeni rasmi anakuja kwenye kata yetu mwaka huu. Tutamwimbia usoni, tuone ataangalia wapi."

Wakafanya mazoezi kila Jumapili baada ya ibada. Atuganile, mke wa fundi baiskeli, mtu wa Mbalizi aliyeolewa huku, alipiga ngoma. Eveline naye alikuja, akasimama mstari wa nyuma, akiitikia kwa sauti ndogo. Severina alimwona na kufarijika moyoni. Alidhani wimbo unamponya.

Siku zilipokaribia, Anjela akawa na simu nyingi. Alikuwa akiinuka katikati ya mazungumzo, anakwenda kuongea nyuma ya nyumba. Kisha akasafiri kwenda Mbeya, akarudi na vitenge vipya vya zambarau vya kikundi kizima.

"Nani katutolea hivi, Mama Aroni?" Severina alimuuliza.

"Wafadhili. Wewe shona tu, Mama Fanueli, tupendeze."

Mazoezi nayo yakapungua. Anjela alisema wimbo wameshaujua, wasichoshane. Jioni moja Severina aliwakuta wenzake wakitoka nyumbani kwa Anjela, kundi zima, wakicheka. Walipomwona kicheko kikakatika. Atuganile alisema walikuwa wamekwenda kumsaidia mwenyekiti kupura maharage. Severina akajibu angeambiwa naye angekuja, akapita zake. Baadaye sana ndipo alipojiuliza: ni nani anayekwenda kupura maharage na ngoma kichwani?

Siku ya sherehe uwanja wa shule ya msingi ulijaa. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujainuka vizuri na watu walikuwa wamejifunga mashuka juu ya nguo zao nzuri. Maturubai yalipigwa, spika zikakoroma. Mgeni rasmi, mwanamume mnene mwenye sweta chini ya koti, alikaa kati ya viongozi na chupa ya maji mbele yake. Hotuba zilisomwa. Mshereheshaji akatangaza kikundi cha Amkeni, na wale wanawake wa zambarau wakaingia uwanjani kwa madaha, Severina mbele na kipaza sauti mkononi.

Alifumba macho kidogo, akaanza.

*Kuta tumejenga, mvua yanyesha ndani —*

Nyuma yake sauti zote zikapanda kwa pamoja, safi, bila hata moja kuyumba:

*Tunashukuru!*

Severina alifungua macho. Alifikiri wamekosea. Watu wengi wakiona viongozi huchanganyikiwa. Basi akavuta pumzi, akatoa mstari wa pili kwa nguvu zaidi, ili wakumbuke.

*Mama kashikwa uchungu, kalala majanini —*

*Tunashukuru!*

Safari hii vigelegele vilifuata. Kwenye umati kijana mmoja aliangua kicheko, akanyamazishwa. Severina aligeuka. Hakuna aliyekuwa amechanganyikiwa. Wote walikuwa wakiangalia juu ya kichwa chake, kule kwenye turubai la wageni, wakitabasamu tabasamu lile lile. Na mstari wa nyuma, Eveline, kitenge kimemkaa vizuri, mdomo wake nao ulikuwa unamalizia neno lile.

Anjela alitoka kwenye mstari, akakichukua kipaza sauti taratibu kutoka mkononi mwake, kama mtu anayempokea mgonjwa kikombe. Akaanza mistari mingine, ya barabara na umeme na viongozi wasikivu, ngoma ikabadilika, na wanawake wakacheza hatua ambazo Severina hakuwahi kuziona. Walikwenda kulia, yeye akabaki. Walipinda magoti, yeye yuko wima. Walimzunguka kama maji yanavyozunguka kisiki. Mgeni rasmi aliinuka kwenye kiti akapiga makofi.

Severina alimpata Anjela nyuma ya jiko la pilau, akigawa sahani.

"Umenifanya nini, Anjela?"

Kwa miaka yote alikuwa hajamwita kwa jina lake. Anjela alilisikia, akaweka sahani chini.

"Mama Fanueli, punguza sauti. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Umenifanya nini?"

Anjela alimvuta mpaka kwenye ukuta wa darasa. "Niliitwa na wakubwa wa chama," akasema. "Nikaambiwa wanawake wa kupiga kelele hawapati kitu. Wanatafuta mtu wa viti maalum kutoka upande wetu huu. Wakaniuliza kama naweza kuwatuliza wenzangu. Ungekuwa wewe ungejibu nini?"

"Ningejibu kwamba mtoto alikufa."

"Nikishaingia kwenye baraza la madiwani nitaisemea wodi kuliko wimbo wowote. Subiri uone."

"Sasa si ungeniambia! Ungesema, rafiki yangu, wimbo tuuache. Ningekasirika, ningekununia, yangekwisha. Kwa nini uliniacha nikasimama pale?"

Anjela alijitazama kucha. "Ungekataa. Na ungekataa, nusu yao wangekufuata wewe. Nawajua." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa sifa: "Halafu bila sauti yako tusingepewa nafasi kwenye ratiba. Wewe ndiye wanayekujua."

Severina alimtazama uso ule aliouzoea kuliko wa dada zake wa tumbo moja. Alitaka kuondoka. Ndipo Anjela akasema neno la mwisho, na afadhali asingelisema.

"Hata Eveline alikubali. Mwenye uchungu wake kakubali, wewe unalia nini?"

Severina alirudi kwa miguu, peke yake, akiwa bado na sare ile. Jua lilikuwa halijazama alipofika. Eveline alikuwa ameshafika kwa pikipiki iliyokodiwa na kikundi, amebadilisha nguo, anachochea moto. Alipomwona mama mkwe wake akapiga magoti kumwamkia, na hakuinua uso.

"Ulijua," Severina akasema.

"Nilijua, Mama."

"Tunakula chungu kimoja. Asubuhi umenipasia kitenge hiki mwenyewe, ukaniambia nimependeza. Na ulikuwa unajua."

Eveline alisukuma kuni motoni. Kisha akasema, taratibu, kama mtu aliyelikariri jambo kwa muda mrefu: "Mama, wimbo ule hukuwahi kuniuliza kama nataka uimbwe. Kila Jumapili mlipofika kwenye yule mama wa majanini, wote walikuwa wananigeukia mimi. Nikienda kisimani watoto wanaimba. Watoto, Mama! Mama Aroni alinifuata shambani, akaniambia anaweza kuunyamazisha. Sikuuliza atauwekea nini. Nilitaka tu unyamaze."

Severina alikaa kwenye kigoda. Hasira aliyokuwa ameibeba njia nzima ilikuwa bado ipo, lakini sasa hakujua aiweke wapi. Alitaka kusema kwamba mtoto yule alikuwa mjukuu wake pia, kwamba mikono yake ndiyo iliyomviringisha. Alisema tu, "Ungeniambia mimi, mwanangu."

"Ulikuwa na furaha sana ukiimba," Eveline akajibu.

Mwezi uliofuata ulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Severina, ambaye tangu siku ile hakukanyaga mazoezi ya kikundi, alikwenda. Ilipofika zamu ya mengineyo alinyoosha mkono, akasimama, akasema bila kuimba na bila kumtaja mtu: kuta zipo, zinaoza, lini paa litakuja?

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Timotheo, alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. "Mama Fanueli, mimi mwenyewe nilifuatilia," akasema. "Kule wilayani wakanishangaa. Wakasema wanawake wenu walisimama hadharani wakashukuru, tena kwa wimbo. Mabati ya mwaka huu yamepelekwa kijiji kingine, kilichosema kina shida. Sasa mimi niseme nini?"

Watu wakamtazama Anjela, aliyekaa benchi la mbele amejifunga shali mpya. Anjela alikuwa anaikaza shali ile mabegani, anaikaza, anaifungua, anaikaza tena.

Hapo Eveline akasimama. Alikuwa amekaa kwenye nyasi na wanawake wenzake, hakuna aliyemtegemea. "Mimi ndiye niliyejifungulia pale msituni," akasema. "Mwanangu alipumua. Angefia wodini nisingesema kitu. Nilisema tunashukuru, na sikuwa nashukuru." Akakaa. Severina, upande wa pili wa uwanja, alitamani kwenda kumshika lakini akaogopa kumfanya atazamwe zaidi.

Mzee Timotheo alivua kofia. Akasema ombi litapelekwa upya, naye atalibeba kwa mkono wake. Watu walianza kunong'ona kwa kuafiki. Na katika ule mnong'ono Anjela akainuka, akaigeukia hadhara, na sauti yake nzuri ya maneno ikatoka bila kigugumizi.

"Asante, mwanangu Eveline! Hicho ndicho mimi kama kiongozi wa akina mama nimekuwa nakipigania. Mkinituma kwenye baraza, paa hilo nitalileta mimi!"

Wakampigia makofi. Si wote, lakini wengi. Atuganile alipiga makofi akiwa ameangalia chini. Severina alibaki na mikono yake mapajani, akisikiliza, na akaelewa kwamba Anjela hakuwa anaigiza. Aliyasema yale akiyaamini tayari.

Anjela alikipata kiti chake. Mwaka uliofuata paa likaja kweli, la upande mmoja wa jengo, na kukafanyika sherehe ambayo Severina hakwenda. Alisikia spika kutoka shambani. Eveline naye aliacha kikundi, bila maneno mengi. Siku hizi wawili hao hulima pamoja, na mara nyingine mmoja husema jambo kuhusu yule mtoto, mwingine akajibu, kisha wakaendelea na jembe. Hawajawahi kusameheana kwa maneno.

Siku moja Severina alikutana na Anjela pale Nyololo, kando ya barabara kuu, kila mmoja akingoja gari lake. Anjela alikuwa na mkoba mkubwa, akielekea mjini. Alimsogelea Severina akiwa amenyoosha mikono miwili. "Kamwene, Mama Fanueli!"

"Kamwene," Severina akajibu. Akaulizwa habari za nyumbani, akasema ni nzuri. Akaulizwa za Fanueli, akasema hajambo. Gari la Anjela likaja, akapanda, akapunga mkono dirishani.

Severina alibaki na kikapu chake. Kifuani alikuwa na mambo mengi: namna mkono ule ulivyokuwa wa joto, namna alivyotaka kuuvuta na pia kuusukuma, namna Anjela alivyokonda usoni na hakuna aliyemwambia. Alitamani kumweleza mtu. Akawapitisha watu wote akilini, mmoja baada ya mwingine, na akaona kwamba jambo la namna hii, tangu alipoolewa, alikuwa akimpelekea mtu mmoja tu.