Sentensi ya Gert

Jumanne asubuhi Muriel Stott aligundua kwamba ile sentensi imemtoka. Alikuwa amesimama kwenye sinki akiosha kikombe huku akiyapitia kichwani maneno yake ya kipindi cha wiki hiyo, na alipofika mahali pa sentensi ile akakuta patupu. Akacheka kidogo, akajaribu tena kwa kujifanya anawaza mambo mengine, kama mtu anayemnyemelea kuku. Bado patupu. Hapo ndipo alipofunga bomba na kukaa chini.

Haikuwa sentensi ya hivi hivi. Kwa miaka sita nusu ya Uingereza ilikaa mbele ya televisheni kuisubiri. Muriel ndiye aliyeigiza Gert Lumley, mke wa Walt, kondakta wa basi mstaafu, na kila kipindi Walt na kaka yake walikaa sebuleni wakipanga watakavyogawana nyumba ya Gert siku atakapokufa. Wakishanogewa, mlango wa stoo ya chakula unafunguka, Gert anatokea na aproni yake, anatamka maneno yake, na watu wanavunjika mbavu. Ndiyo hayo tu. Watoto waliyapigia kelele shuleni, na inasemekana hata wabunge waliyatumia.

Utasema angeangalia kwenye mswada. Angeangalia nini? Waandishi wa kipindi, wavivu wawili wenye vipaji, waliacha kuyaandika tangu mwaka wa kwanza. Pale waliweka tu: "Gert: kama kawaida." Na mazoezini hayakutamkwa kabisa, maana Clive, mtayarishaji, alishikilia kwamba mzaha ukisemwa Jumatano huchacha kabla ya Jumapili, siku ya kurekodi. Basi katika ule ukumbi baridi wa kanisa walikofanyia mazoezi, ambako kuta za nyumba ya Gert zilikuwa utepe uliobandikwa sakafuni, Muriel alifungua mlango usiokuwepo, akasema "tararara", na wakaendelea. Vipindi vya zamani vilikuwa havirudiwi, vipya havijaanza, na tangu majira ya baridi hakuwa amepata haja ya kuitamka.

Aliogopa, tena si kidogo. Mama yake alianza hivyo hivyo, kwa neno moja. Baadaye yakamtoka majina ya watu, halafu njia ya kwenda dukani, na mwisho akawa anamwita Muriel nesi na kumwomba kwa adabu amtafutie binti yake. Muriel alikuwa na miaka hamsini na nane. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na Gert. Clive na wenzake wakijua, watamzika Gert kwa upole mkubwa, na kadi nzuri, na maua.

Alhamisi alivaa koti jekundu ambalo kila mtu alilijua akaenda duka la nyama, makusudi aonekane. Kwa kawaida hawezi kununua soseji bila kupigiwa ile sentensi mgongoni. Na kweli, mama mmoja mnene kwenye foleni akamgeukia.

"Jamani, si Gert huyu! Gert kipenzi, hebu tuambie basi."

"Leo semeni nyie," Muriel akasema. "Nimechoka kuwafanyia kazi bure."

"Aa, sisi nani bwana? Mwenyewe upo."

"Mwacheni," muuza nyama akasema huku akimfungia soseji. "Atamaliza sauti, halafu Jumapili Walt apate ile nyumba."

Foleni nzima ikacheka, wote wakimtazama mdomo kama vifaranga. Muriel akajikohoza, akagusa koo, akatoka bila chenji yake.

Kesho yake alimjaribu Desmond Varley, aliyeigiza Walt. Walikuwa marafiki wa kweli. Mkewe Desmond alipofariki, Muriel ndiye aliyempelekea chakula miezi mitatu. Walikuwa wakinywa chai kwenye ngazi za ukumbi.

"Des, nasikia kwenye sherehe huwa unaniiga. Hebu niige nikuone."

"Thubutu. Clive akinisikia atanikata ulimi."

"Clive yuko kwenye simu."

"Wewe mwanamke una njama." Desmond akamtazama vizuri. "Mbona umepauka hivyo? Unalala kweli?"

Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Muriel: Des, nimesahau. Akayameza pamoja na chai. "Viatu vinanibana tu," akasema.

Jumapili jioni studio ilijaa. Muriel alisimama ndani ya stoo ya mbao, kwenye giza lenye harufu ya rangi, akisikiliza Walt na kaka yake wakibishana kuhusu kabati lake la vyombo huku watazamaji wakiangua kicheko. Alijisemea kwamba akifungua mlango maneno yatakuja yenyewe, miguu itakumbuka, aproni itakumbuka. Walt akasema, "Basi chumba chake tutakifanya cha kuchezea karata," na hiyo ndiyo ilikuwa ishara yake.

Akafungua. Taa zikampiga usoni, watu wakashangilia mpaka wakatulia wenyewe, na ukimya ukaingia. Muriel akafumbua mdomo. Hapakuwa na kitu. Alimwona Desmond akisubiri na tabasamu la Walt, aliona kamera zikimkodolea. Imekwisha, alijisemea. Wamenijua.

Halafu kule gizani kwenye viti mtu mmoja akacheka, akidhani anachokozwa. Mwingine akafuata. Na watu wote wakaitamka kwa sauti moja, kama kanisani:

"Msinizike bado, chai yangu haijapoa!"

Muriel akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango, maana ulikuwa mzaha mzuri, na alikuwa akiusikia kwa mara ya kwanza.

Ukumbi ukalipuka. Kurekodi kulipokwisha, Clive alishuka mbio kutoka chumba cha juu, tai imempinda. "Muriel, wewe ni shetani! Kuwaachia wao waseme! Kuanzia leo ni hivyo kila wiki. Wewe simama tu, mpenzi. Simama tu."

Basi ameokoka. Hatadaiwa neno tena, na hakuna atakayejua. Alirudi nyuma ya ukuta wa sebule, akakaa kwenye kreti, akajaribu kuishika ile sentensi mara moja tu, ili aende nayo nyumbani.

Desmond akamletea kikombe. "Mjanja wewe. Hata mimi hukuniambia."

"Des," akasema, akamshika mkono wa koti. "Wamesemaje?"

"Nani?"

"Watu. Nilipofungua mlango. Wamesemaje?"

Desmond akaanza kucheka, maana kwa miaka sita walikuwa wakitaniana hivyo. Muriel hakucheka. Akaendelea kumtazama, na taratibu kicheko kikamwisha usoni. Akaweka kikombe chini, akapiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake yote miwili.

"Msinizike bado," akamwambia polepole, kama anayemfundisha mtoto sala, "chai yangu haijapoa."

"Tena," akasema Muriel.