Kibanda cha Trekta la Raili

Raili alikizunguka mara mbili, akakipiga teke ubavuni, kisha akasonya.

"Mkwe, umenijengea choo."

"Ni kibanda cha dereva, mama," alisema Ilpo, mume wa binti yake, huku akifuta mikono kwenye ovaroli isiyo na doa. "Ukikaa humo, baridi utaisikia kwa majirani."

Kibanda kilikuwa kimelikalia trekta dogo la kijivu la Raili kama kofia ya kuazima. Ilpo, muuza mazulia wa mjini, alikiunga kwa majuma matatu: plaiwudi, vioo vya basi bovu, na mlango wa sauna ya zamani, chumba cha kuogea mvuke. Kila ufa aliuziba kwa mpira. Bomba lilileta hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi miguuni. Mlango ulikuwa huo mmoja tu, na ili usigongegonge njiani aliutia makomeo mawili, juu na chini.

Wanaume wa mjini Raili aliwadharau wote, hakubagua. Lakini huyu alimhitaji. Kwa miaka ishirini na miwili, tangu mumewe Onni afariki, alikuwa akikwangua theluji kwenye njia ya barafu, kukatiza ziwa lililoganda hadi kisiwani, juu ya trekta lisilo na paa, amejifunga koti la ngozi ya kondoo. Sasa mapafu yalikuwa yamechoka. Daktari alimwambia waziwazi: bila kitu cha kumkinga na upepo, asipande tena. Na asipopanda yeye, njia ingekwenda kwa jirani yake Veijo, mtu anayeamka saa nne na kuwaacha wazee wa kisiwani wasubiri mkate mpaka atakapopenda. Kumwachia Veijo njia ya Onni! Afadhali angemwachia mbwa.

Veijo mwenyewe alikuwa ameegemea ua, kikombe cha kahawa mkononi, na majirani wengine nyuma yake.

"Raili, kuna mtu humo ndani? Mwambie afanye haraka, nimebanwa."

Wakacheka. Ilpo akaiva uso, akapanda. "Nalipeleka ziwani mwenyewe, mtaona!"

"Ziwani huendi," Raili alisema. "Kaa hapohapo, funga mlango. Nikisema maji, utoke. Nahesabu."

"Maji gani tena, mama?"

"Trekta la kwanza la Onni lilitoboa barafu, liko chini ya ziwa hilo mpaka leo. Onni aliruka kwa sababu juu yake palikuwa na mbingu tu. Alikuwa akisema, ukifika kumi hujatoka, usijisumbue. Haya. Maji! Moja, mbili..."

Kwa tatu komeo la juu lilifunguka. Kwa sita glavu ilinasa kwenye la chini. Kwa nane mlango uligonga gurudumu la nyuma na kubaki nusu wazi, na tumbo la Ilpo, ndani ya ovaroli yake nene ya baridi, likaziba nusu iliyobaki.

"Kumi. Umekufa," Raili alisema, wala hakuacha kuhesabu. "Kumi na tano, samaki wamewasili. Ishirini, binti yangu ameolewa tena."

Ilpo alianguka thelujini kwa ishirini na sita.

"Bwege wewe. Umechonga jeneza lenye joto."

Ilpo alikaa pale alipoangukia, akihema. Kisha akasema polepole, "Na wewe, mama? Hebu panda."

Mbele ya Veijo, Raili hakuweza kukataa. Kwanza akaung'oa mlango kwenye bawaba zake na kuutupa. "Kwenye barafu hakuna anayejifungia, muuza mazulia. Tazama."

Akakaa. Ilpo akahesabu, bila haraka. Goti la Raili liligonga usukani. Koti la kondoo lilinasa kwenye bawaba iliyobaki. Mguu wake uligusa theluji kwa kumi na nne.

Veijo peke yake ndiye aliyecheka. "Marehemu wawili. Basi nileteeni ufunguo wa trekta."

Raili aliinua macho, akalitazama paa la kibanda. Miaka yote hiyo alijua kwamba siku yake ikifika ataruka kama Onni. Dharau aliyokuwa akiwagawia watu ilimrudia mdomoni, na ilikuwa chungu.

"Ilpo, lete msumeno wa mnyororo. Kata paa."

"Lote?"

"Shimo la kunitosha mimi. La kukutosha wewe, paa halitabaki."

Ilpo alikata, akafunika shimo kwa turubai lisilofungwa, na jingine akalining'iniza mlangoni kuzuia upepo. Kisha, bila kuambiwa, akapigilia ubao kando ya kiti uwe ngazi. Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilofanya bila majigambo, na Raili aliliona. Alivua koti la kondoo. Kwa hewa ile ya miguuni, halikuwa na kazi tena.

"Hesabu."

Kumi na mbili. "Tena." Kumi na moja. "Tena!" Mara ya sita turubai liliruka, na Raili akawa amesimama juu ya paa. Nane.

Alikohoa, akamtazama Veijo kutoka juu.

"Zamu yako, jirani. Au tumbo hilo lina ruhusa ya kuelea?"

Veijo alilitazama shimo, akalitazama tumbo lake, akakumbuka kwamba kahawa yake imepoa.

Raili aliwasha trekta na kushuka ufukweni. Ilpo alikimbia kandokando. "Mama! Joto je?"

"Miguu inakushukuru. Mimi bado." Akateremsha sepeto ya chuma mbele, na theluji ikaanza kuruka pembeni. "Okota mlango wako, urudishe kwenye sauna!"

Akaingia kwenye barafu, turubai likipigapiga juu ya kichwa chake.